Udongo Wenye Joto

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa saa. Nilifika stoo ya ofisi ya jiolojia kabla ya saa moja asubuhi, shati limenyooka kwa pasi ya mkaa, na mkononi nimevaa saa ya marehemu baba, ile ya zamani ambayo mishale yake ilikuwa inang'aa gizani. Dada yangu Yustina ndiye aliyenivisha, pale stendi ya Laela, kwetu Ufipa, akaifunga mkanda mwenyewe kana kwamba naenda kuanza darasa la kwanza. Fundi Mkuu, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama usoni. Alikuwa anatazama mkono.

"Vua hiyo," akasema.

Nikadhani nimeingia kwenye ofisi ya wezi. Akaiweka saa yangu mezani, akachukua chombo cha njano chenye mpini juu, ukubwa wake kama birika, akakiwasha. Kikaanza kulia polepole, ti, ti, kikinyamaza na kuanza tena. Kisha akakisogeza karibu na saa, nacho kikalia mfululizo mpaka nikarudi nyuma hatua mbili.

"Rangi ya mishale hii ina madini yanayotoa mionzi," akasema. "Ukienda porini umeivaa, utagundua urani kila unapojikuna kichwa."

Ndivyo nilivyofundishwa mionzi, kwa saa ya baba. Fundi Mkuu alinieleza kwamba mionzi haionekani, hainuki, na jiwe lenye urani ukilishika ni jiwe tu, baridi kama mengine. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu mionzi hiyo kwa kile chombo. Wafanyakazi walikiita nyenje kwa sababu ya mlio wake, na mimi nitakiita hivyo hivyo.

"Watu watakuuliza," aliniambia mchana wa siku ile, tukinywa chai. "Usije ukawaambia jiwe lina joto. Wengi hupenda kusema hivyo kwa sababu ni rahisi. Halina joto. Ukikosa neno, nyamaza, washa nyenje wasikie wenyewe."

Nikaitikia ndiyo mzee. Vijana mnaosoma haya, mnajua jinsi ndiyo mzee ya siku ya kwanza ilivyo nyepesi.

Kazi yenyewe tuliifanya hivi. Kila asubuhi, kabla ya kupima chochote, unapima mahali pale pale palipo kambi, ili ujue nchi yenyewe inalia kiasi gani. Kila nchi inalia kidogo, hakuna udongo ulio kimya kabisa. Namba hiyo unaiandika juu ya ukurasa, na kila utakachopima siku ile unakilinganisha nayo. Kisha mnatembea kwa mistari, kamba imevutwa, vigingi vimepigwa, unasimama kila baada ya hatua kadhaa, unasoma kwa sauti, mwenzako anaandika kwa penseli. Wino ulikatazwa kwa sababu ya mvua. Mahali nyenje inapochangamka mnachimba mtaro wa utafiti, mrefu na mwembamba, mnachukua sampuli za udongo na mawe, mnazifunga kwenye mifuko yenye namba, na mnaufukia mtaro. Fundi Mkuu alisisitiza kufukia kuliko kuchimba. Alikuwa anaweza kurudi maili nzima kwa miguu kukagua kama tumefukia.

Nilihamishwa kusini, nikahamishwa kanda ya kati, nikarudishwa kusini. Nilifanya kazi chini ya Mjiolojia wa Kanda ambaye hakuwahi kushuka kwenye gari, na chini ya mwingine ambaye hakuwahi kupanda, alitutembeza mpaka viatu vikatoboka. Yote hayo niliyavumilia. Nilichoshindwa kuzoea ni joto la huko. Nililala nimejifunika shuka moja na kuota baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita, ule upepo unaopita kwenye uwanda usio na mti wa kuuzuia, na majani makavu yanayolala upande mmoja hadi jicho linapokoma. Nilitamani nyumbani mpaka nikaona aibu, mtu mzima na ndevu zangu.

Kila likizo nilikwenda moja kwa moja kwa Yustina. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, nikiwa bado sijaota meno ya mbele ya ukubwani. Kijiji chetu kiko ndani kutoka Laela, chini ya kilima tulichokiita Malungu, kwa sababu ya matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma ambayo babu zetu waliyajenga pale na mengine bado yamesimama, marefu kuliko mtu. Nikifika, dada alinikalisha jikoni kwenye kigoda kile kile, karibu na mafiga, akanipakulia ugali wa ulezi na maharage. Siku moja nilimtania kwamba mtumishi wa serikali amesafiri siku mbili na hapewi hata kuku.

"Kuku ni wa mgeni," akasema. "Wewe ni wa maharage. Kula."

Maharage yake aliyapanda kwenye ntumba. Kwa asiyejua, ntumba ni matuta ya duara ambayo sisi Wafipa tunayalima mvua inapokaribia kuisha. Unakata majani pamoja na udongo wake, unayageuza ndani na kuyafunika, yanaoza humo. Juu unapanda maharage, na msimu unaofuata unalitawanya tuta shamba zima kuwa mbolea. Mwanamke anayejua kazi huingiza mkono ndani ya tuta mpaka kwenye kiwiko. Akikuta joto, anajua majani yameoza vizuri na maharage yatakubali. Kwetu kusema udongo wa fulani una joto ni kumsifu mbele za watu.

Mnaona ninakoelekea. Mimi mwenyewe sikuona.

Miaka ilipopita, bei ya urani ikapanda duniani, na kampuni moja ya nje ikapata leseni ya utafutaji huku kwetu. Ofisi ikaniazima kwao kwa sababu nilikuwa mzoefu na nilijua Kifipa. Nilipoona ramani sikuamini macho yangu. Mistari ilipita Kilima cha Malungu na kushuka hadi mashamba ya kijijini kwetu. Nilifurahi, sitaficha. Nilisema moyoni kwamba sasa nitafanya kazi na kulala nyumbani.

Mkuu wa Kambi alikuwa mtu mpole, Mtanzania mwenzetu kutoka mkoa mwingine, asiyepandisha sauti. Alitupa mabuti mapya. Tukaanza kuvuta kamba mwezi wa pili, wanawake wakiwa mashambani wanalima ntumba. Siku ya tatu nilipita na nyenje yangu katikati yao, nayo ikachangamka. Wakasimamisha majembe.

"Mdogo wangu," Yustina akaniita kwa nguvu ili wenzake wasikie, "hiyo mashine yenu inatafuta nini hasa?"

Nilikuwa nimechoka, na tena nilikuwa najiona. Wanawake wote wale walinijua tangu nikiwa sina viatu, na sasa nilikuwa na mabuti na chombo cha njano. Kifipa changu kilikosa neno la mionzi. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kukaa chini na kuwaeleza habari za saa ya baba, ambayo Yustina aliijua vizuri kuliko mimi.

"Inatafuta udongo wenye joto, dada," nikasema.

Wakapiga vigelegele. Mmoja akasema serikali safari hii imefanya la maana.

Tulichimba mitaro kumi na kitu upande ule. Udongo tuliurundika pembeni pamoja na majani yake. Nilimkumbusha Mkuu wa Kambi juu ya kufukia, akajibu kwamba tutafukia mara moja tukimaliza mistari yote, ili tusihamishe watu huku na huko. Haikuwa sababu mbaya. Kisha nikatumwa na kikundi kingine upande wa bondeni, ng'ambo ya kijiji cha Kaoze, nikakaa huko zaidi ya miezi miwili.

Niliporudi nilikwenda kwa dada kabla ya kufika kambini. Kigoda kilikuwa mahali pake. Aliniwekea ugali na bakuli la maharage mabichi yaliyopikwa kwa karanga, akasimama kunitazama nikinawa.

"Onja," akasema. "Haya ni ya kwenye joto lako. Tulipoona mmechimba mkaacha matuta tayari, tukagawana. Mimi nimepata matatu. Sijawahi kuona maharage yanakubali namna hii."

Mkono wangu ulikuwa umeshamega tonge. Nikamtazama usoni. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa zawadi na mdogo wake. Nikala. Nilijua na nikala, nikamaliza bakuli, kwa sababu sikupata pa kuanzia.

Kesho yake alfajiri nilikwenda na nyenje. Nikapima nchi kwanza, kama nilivyofundishwa, kisha nikapima yale marundo moja baada ya jingine. Yalilia kuliko ardhi ya pembeni, yote, na matatu ya Yustina yalilia kuliko mengine. Kama yalitosha kumdhuru mtu kupitia maharage, sikujua wakati ule na sijui hata sasa. Hiyo ni elimu nyingine, na hakuna aliyekuja kuifanya pale. Nilichojua ni kwamba udongo ule haukupaswa kuwa juu ya ardhi, na kwamba walipanda humo kwa neno langu.

Nikampelekea Mkuu wa Kambi daftari. Alisoma ukurasa mzima, taratibu.

"Bwana Dismas," akasema, "sisi tunapima mawe. Hatupimi maharage."

Akauchana ukurasa kwa uangalifu, akaukunja na kuutia mfukoni. Nilisimama pale nikimtazama, na sikusema neno. Hilo nalo naliandika hapa.

Wiki ile ile kijiji kiliitisha mkutano mkuu. Kampuni ilitaka kibali cha kijiji kwa ajili ya uchorongaji, yaani kutoboa mashimo marefu kwa mtambo, na baadaye, ikiwezekana, mgodi. Watu walikuwa wamegawanyika. Vijana walitaka ajira, na siwalaumu, mimi mwenyewe nilikuwa nakula ajira. Wengine walikuwa wamekwisha kusikia redioni habari za mabomu na za maji yanayoharibika, na walikuwa wanasema hawataki. Kabla hatujatoka kambini Mkuu wa Kambi aliniambia nitafsiri.

"Waambie Kifipa kama ulivyowaambia mwanzo," akasema. "Lile neno la joto. Limekaa vizuri."

Tulikutana uwanja wa shule. Mkuu wa Kambi alizungumza vizuri kuhusu umeme ambao dunia inaupata kwa urani, na kuhusu barabara. Alipomaliza alisimama Mzee Kasiano, ambaye babu yake alikuwa mmoja wa wayeyushaji wa mwisho wa chuma pale kilimani. Alikuwa ameshika kitu cheusi mkononi.

"Bwana Mkubwa, hiki unakijua?" akauliza. "Ni mavi ya chuma. Ni mabaki ya kazi ya babu zetu. Yamejaa pale kilimani, tunayakalia, watoto wanayachezea, mbuzi wanayalambalamba. Hayajamfanya mtu kitu. Sasa nyie mkishatoa mnachokitaka, mabaki yenu mtayaweka wapi?"

"Yatahifadhiwa kwenye bwawa maalumu, mzee."

"Kwa muda gani?"

"Muda mrefu."

"Kuliko malungu yale?"

Mkuu wa Kambi hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Alitazama kilimani, akasema, "Kuliko hayo, ndiyo."

Watu wakaguna. Mzee Kasiano hakukaa. Akanigeukia mimi.

"Mwanangu, babu yangu alikuwa akitoa chuma tanuruni anajua hiki ni jembe, linakwenda kwa fulani, na hiki ni mkuki, unakwenda kwa fulani. Mtu aliyemshuku hakumpa mkuki. Wewe unachimba hapa kwetu. Unajua hili jiwe likifika huko litakuwa jembe au mkuki?"

"Sijui, mzee," nikasema.

"Haya. Tuambie basi unachokijua."

Mkuu wa Kambi akanipa ishara ya kichwa nianze. Yustina alikuwa amekaa mbele na wenzake, amenikazia macho kwa fahari. Nikakumbuka stoo, na mzee mwenye miwani ya uzi. Nikawasha nyenje.

Pale uwanjani ililia ti, ti, polepole. Nikawaambia kwa Kifipa, huo ndio mlio wa nchi yetu, tangu babu zetu. Kisha nikawaomba wanifuate. Mkutano mzima ukatoka uwanjani, wazee kwa fimbo zao, vijana wa ajira nao, mpaka kwenye mitaro. Nikainama kwenye rundo la kwanza la Yustina, kati ya maharage. Nyenje ikalia mfululizo.

"Niliwaambia ni joto," nikasema. "Si joto. Sikuwa na neno, nikatafuta la kuwafurahisha. Udongo huu ulitakiwa kurudi chini siku tuliyoutoa. Kama unadhuru kwa kiasi hiki sijui, na mtu asiyejua hapaswi kuwaambia mle. Msile."

Yustina alisogea mpaka karibu yangu.

"Ulikula kwangu juzi," akasema.

"Nilikula, dada."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mimi nilikuwa sijui. Na ni mimi niliyekupakulia."

Hakupandisha sauti. Alijifunga kanga vizuri, akainama, akaanza kuyang'oa maharage yake, shina kwa shina, na maganda yake mazuri yale yamejaa. Wenzake wakaingia kwenye marundo yao. Wanaume wakaenda kuchukua majembe, na mchana ule ule mitaro yote ilifukiwa na maharage humo ndani. Mkuu wa Kambi alikuwa ameshaondoka na gari.

Kijiji kilikataa. Siyo siku hiyo tu. Walikataa misimu kadhaa, kwa barua zilizopanda hadi wilayani na kurudi, kwa mikutano, na kwa wanawake waliokwenda kukaa penye vigingi kila gari la kampuni lilipoonekana, wamekuja na kazi zao za mikono. Yustina alikuwa mmoja wao. Mimi niliyasikia hayo kwa mbali. Wiki mbili baada ya mkutano nilipata barua ya uhamisho, ikisema kwa lugha nzuri kwamba huduma yangu inahitajika kwenye ghala la sampuli. Nilimalizia utumishi wangu nikibandika namba kwenye masanduku ya mawe, na nyenje ikarudi stoo bila mimi. Siku moja nikasikia kampuni imekunja kambi. Wengine walisema ni bei iliyoanguka, wengine ni kijiji. Mimi naamini ni kijiji, na mtu asinibishie.

Sasa nimestaafu, nina nyumba ndogo mjini, mtaa wa Majengo, na majirani wananiita Mjiolojia ingawa sikuwahi kuwa. Vijana wa ofisini hunitembelea mara moja moja. Vyombo vyao vinasema namba zenyewe na kuzituma kwenye kompyuta. Nawauliza tu kama wanafukia. Wananicheka, "Mzee, shikamoo, lakini wewe na kufukia!" Wacheke. Ningependa pia wajifunze maneno ya wenyeji kabla ya kufungua vinywa, lakini hilo sijui linafundishwa darasa gani.

Dada hakunigombeza kamwe. Ningependa angenigombeza. Kila nilipokwenda kumsalimia alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, akanikalisha sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa, na baada ya muda nikasikia kuku analia nyuma ya nyumba. Nilikula kuku wa Yustina, kuku wa mgeni, miaka na miaka. Alikuwa mtamu na hakushuka kooni. Kutoka jikoni ilikuwa inakuja harufu ya maharage waliyokuwa wanakula wenye nyumba, na mimi nilikaa na kitambaa changu kama mkaguzi wa shule. Niliwahi kupenya jikoni nikakaa kwenye kigoda. Akanishika mkono taratibu, akanirudisha sebuleni.

Hakuna kitu nilichokitamani maishani kama bakuli lile. Nimewahi kuyanunua maharage yanayotoka huko kwetu, hapa hapa sokoni, nikayapika mwenyewe kwa karanga. Hayakuwa yenyewe.

Mwaka huu, mwezi wa tano, baada ya misa, nilimpigia simu kama kawaida. Ana umri mkubwa sasa, anapaza sauti kana kwamba Majengo ni ng'ambo ya mto.

"Utakuja lini?" akauliza.

"Jumamosi, dada."

"Usije na tamaa," akasema. "Kuku wote wamekufa na kideri. Hajabaki hata mmoja. Itabidi ule tu maharage."

Nikasema hamna shida, dada, nikakata simu haraka.

Jumamosi niliteremka Laela na kupanda bodaboda hadi nyumbani. Jogoo mkubwa mwekundu ndiye aliyenipokea uani, na nyuma yake mitetea wasiopungua sita wakichakura kwenye ntumba pembeni ya nyumba. Yustina alitokea mlango wa jikoni, ameshika upawa. Nikamtazama, nikawatazama kuku.

"Wa jirani hao," akasema.

Jirani wa karibu yuko ng'ambo ya bonde. Nikamwamkia, nikainamisha kichwa kupita mlango wa jikoni, nikakaa kwenye kigoda. Alinipakulia bakuli likajaa, akakaa chini kando yangu na la kwake, na safari hii alianza kula yeye kwanza.